Usitoke kwa mugonjwa bila kujua saa ya kurudi

MDOGO: Jambo kwenu bote munatusikiliza, tuko hapa Goma, mvua imenyesha tangu asubui. Yaya, mukubwa wangu kwa kazi ya kutunza bagonjwa, karibu.

YAYA: Asante mdogo, asante bote.

MDOGO: Leo sileti somo, naleta tu ile ilinipata. Juzi kwa gardi ya usiku banaleta bagonjwa tatu mara moja, mutoto wa miezi tisa ana homa, mama wa mimba anaumwa kichwa, na papa wa sukari, nikasimama pale katikati fishi za bagonjwa mukononi sijue nianzie wapi. Nikaenda kwa mutoto juu njo alikuwa analia sana.

YAYA: Mutoto mwenye kulia na nguvu, pumzi inapita. Unamuangalia, unaambia mama yake amunyonyeshe atulie, kisha unakwenda kwa ule mwenye amenyamaza, ule wa kunyamaza njo anatutorokaka. Ule mama wa kichwa, tansio, presha ya damu, ilikuwa ngapi?

MDOGO: 17 kwa 11. Lakini nilimupima akiwa anashuka tu kwa pikipiki, bado anahema.

YAYA: Basi unamukalisha, mugongo umeegemea, miguu chini, mukono sawa na moyo, hapana kuongea, unapima tena kisha dakika kidogo. Lakini mama wa mimba na namba kama ile haumuachi peke yake hata kidogo, unatuma mutu aite dokta, huku unauliza: unaona giza ao nyota kwa macho? Unaumwa hapa juu ya tumbo? Kama anasema ndiyo, degedege iko karibu. Tunamuwekeaka manyezi, dawa ya kuzuia ile degedege, na mbele ya kila dozi ya kuendelea unapima vitu tatu: goti inaruka ukiigonga, pumzi 16 ao zaidi kwa dakika, mukojo haupunguke 30 ml kwa saa. Kimoja kikikosa, dozi inasimama. Na kalsiomu glukonati, dawa ya kuvunja manyezi ikizidi, iwe tayari pale kwa kitanda, haiko kwa kabati yenye ufunguo iko na mutu alishaenda kulala.

MDOGO: Ile ya ufunguo inauma, Yaya.

YAYA: Inauma juu niliiona.

MDOGO: Na papa wa sukari alikuwa anatulia tu, nikasema huyu atangoja.

YAYA: Ngoja nikuambie ya papa mwingine. Nilikuwa kwa staji, hospitali siitaje. Motari anatuletea papa mumoja usiku, anaongea maneno haifuatane, anasukuma batu, kila mutu anasema amekunywa, bakamulalisha kwa banki ya koridoo. Miye nilipita pale natafuta ndoo, mukono yangu ikagusa yake, imelowa kabisa, jasho ya baridi, na weye unajua usiku ya Goma haina joto ya kutoa mutu jasho vile. Nikanusa kinywa, hakuna pombe. Tukatoboa kidole: glisemi, sukari ya damu, 32 mg/dl, chini sana.

MDOGO: Mungu wangu.

YAYA: Kwa mutu mwenye anaweza kumeza unamupa maji ya sukari, unapima tena kisha dakika 15. Ule hakuweza kumeza muzuri, na mutu kama ule haumutie kitu kwa kinywa, itaingia kwa mapafu. Tukamupitishia glukoze kwa mushipa. Haikufika dakika kumi akafungula macho akauliza viatu vyangu viko wapi. Tukafuraha, tukacheka naye, kila mutu akarudia kwa kazi yake, fishi ikaandikwa "amepona".

MDOGO: Na hakupona.

YAYA: Alikuwa anakunywa glibenklamide, kidonge ya kushusha sukari, na ile dawa inakaa kwa mwili siku nzima, sukari unayopitisha inaisha, dawa yenyewe ingali inaishusha. Kisha masaa tatu bibi yake akaniita, "mwanangu, amenyamaza tena". Yeye njo aliona, sisi hatukuona. Tangu siku ile siandikake kitu nilimufanyia mugonjwa bila kuandika pembeni saa nitarudia kumuona. Serumu, kidonge ya homa, oksijeni, kila kitu. Kumupa dawa ni nusu ya kazi.

MDOGO: Kwa kolera ni vile vile.

YAYA: Kolera inakimbia kuliko bote! Batu ya hapa tunachota maji kwa ziwa na bido, tunaijua. Unafinya ngozi ya tumbo, unaachia, kama inarudi polepole sana, macho imeingia ndani, hawezi kunywa, unamupima kilo ao unakadirisha, unapitisha Ringa, serumu ya mushipa, 30 ml kwa kila kilo mu nusu saa, kisha 70 mu masaa mbili na nusu. Mutu wa kilo 60 ni litre 1,8 mu ile nusu saa ya kwanza, utaona ni mingi na utaogopa, usiogope. Mutoto hajafika mwaka unaenda polepole, saa 1 kisha masaa 5. Na mupulso, mapigo ya moyo, unaushika kila mara, haiko kufungula serumu na kwenda.

MDOGO: Turudie kwa ule mutoto, juu bamama banatusikia.

YAYA: Akishatulia, fungula kitenge, ondoa maswita yote, angalia tumbo na kifua, saa mukononi, dakika nzima. Usihesabu sekonde kumi na tano uzidishe kwa ine, mutoto mudogo hapumuake sawasawa, anakimbiza kisha anapunguza. Miezi 2 mpaka 11, ikifika 50 ni mbio. Mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Chini ya mbavu pakiingia ndani kila akivuta, unaita dokta. Kisha tesiti ya malaria. Ulihesabu?

MDOGO: 58. Na malaria hapana. Banamutunza ya mapafu, jana alinyonya muzuri.

YAYA: Na papa?

MDOGO: Glisemi ilikuwa 61, tukamupa maji ya sukari, ikapanda.

YAYA: Anakunywaka dawa gani?

MDOGO: ...Sikuuliza.

YAYA: Angali pale?

MDOGO: Angali, kitanda ya karibu na dirisha. Naingia leo saa kumi na mbili.

YAYA: Ukifika, uliza bibi yake alete ile kartoni ya dawa. Umupime mbele ya kula, saa tano ya usiku, na saa nane. Na unipigie.