Kipimo Hujibu Ulichokiuliza: Kuvu ya Mahindi na Maungio ya Chuma

Walimu wangu, ndugu wanafunzi, na nyinyi mafundi mliofunga karakana mkaja kutusikiliza, asanteni sana. Mlangoni kijana mmoja amenisimamisha akaniuliza: kuvu na kuchomelea vyuma, wapi na wapi? Swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba kote kuwili tunatafuta kitu ambacho jicho halikioni, na kote kuwili watu wamezikwa kwa sababu swali linalofaa halikuulizwa mapema.

Nianze na mahindi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walifika hospitalini macho yamegeuka manjano na matumbo yamejaa maji. Waliothibitika kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Ilikuwa sumukuvu, ambayo wenzetu Wakenya huiita aflatoksini, ndani ya mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyaweka ndani kabla hayajakauka sawasawa. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Ugali ulisongwa ukaiva, lakini moto wa jikoni hauivunji sumu hii.

Sasa mtafiti anachukua punje kutoka ghala kama hilo, anaziotesha kwenye kisahani maabara. Siku chache tu, kuvu ya kijani yenye umanjano imeshatanda. Akiweka hadubini anaona vichwa vya mviringo vilivyobeba minyororo ya spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, anaandika: Aspergillus. Hapo hajakosea. Shida inaanza akitaka jina la pili, lile la spishi. Aspergillus parasiticus ina kijani kilichokolea zaidi na spora zenye ngozi ya kukwaruza. Aspergillus flavus ni laini kidogo. Halafu ipo Aspergillus oryzae, ambayo Wajapani wameitumia kwa karne nyingi kutengenezea mchuzi wa soya. Haina sumu, na vinasaba vyake vinakaribiana mno na vya flavus, kiasi kwamba wataalamu huiona kama flavus iliyofugwa na binadamu. Moja inaua, nyingine iko kwenye chupa mezani, na kwa macho utaapa ni kitu kimoja.

Wazee wa fani hii walipanga kuvu kwa macho. Christiaan Persoon, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema, na baada yake Elias Fries wa Sweden, aliyechapisha kazi yake kubwa kati ya 1821 na 1832, walitazama umbo la uyoga, rangi ya spora, kama chini ya kofia kuna vikunjo vyembamba au vitundu. Siwadharau hata kidogo. Mengi waliyoyapanga tunayatumia hadi leo. Ila tangu 2012 kuna kipande cha DNA kiitwacho ITS kilichokubaliwa kuwa kitambulisho cha kwanza cha kuvu zote. Ukikisoma, unalinganisha na hazina ya data, unapata jina.

Au unapata nusu ya jina. Kwa Aspergillus, ITS inakufikisha kwenye kundi tu. Spishi zilizo karibu karibu haizitenganishi. Inabidi usome jeni nyingine, mara nyingi ile ya protini iitwayo kalmodulini. Na hata ukishapata jina kamili, flavus yenyewe imegawanyika katika koo nyingi, kila ukoo na tabia yake: zipo zinazomimina sumu, zipo zisizotoa hata chembe kwa sababu jeni za kutengeneza sumu zimekatika. Watafiti walipochunguza mahindi ya Kenya ya 2004 walikuta yametawaliwa na aina yenye vijifundo vidogo vyeusi, inayotoa sumu nyingi mno. Kwa umbo ilifanana na aina iliyokuwa ikijulikana kwingine. Uchunguzi wa DNA uliofuata ukaonyesha kwamba ni ukoo tofauti kabisa.

Msidhani haya ni mabishano ya wasomi juu ya majina. Dawa ya Aflasafe imejengwa juu ya tofauti hizo hizo. Unachukua koo za flavus zisizo na sumu, tena za hapa hapa nchini, unazipaka kwenye mtama uliouliwa uwezo wa kuota, unamwaga kilo 10 kwa hekta wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Zinawahi nafasi, zile zenye sumu zinakosa pa kukaa. Kwa hiyo mkulima anatapanya Aspergillus flavus shambani ili ajikinge na Aspergillus flavus! Anayeishia kwenye jina la spishi hawezi kuelewa kitu hapo.

Haya, twende karakana. Fundi hodari akichomelea, maungio yanalala kama magamba ya samaki, unatamani kuyapiga picha. Ndani yake panaweza kuwa na vitundu vya gesi, uchafu ulionaswa, au mahali ambapo chuma cha elektrodi kimelalia tu chuma cha pembeni bila kuungana nacho. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi. Rangi ya kupenya, ile inayopakwa juu ya chuma ikazama kwenye mpasuko, itakuonyesha ufa, lakini uwe umefunguka juu. Eksirei inaona vitundu na uchafu vizuri sana, lakini ufa mwembamba uliolala kukingama na mionzi unaweza kupita bila kuacha alama kwenye filamu. Ufa huo huo, mawimbi ya sauti yataugonga na kurudi, mradi aliyeshika kifaa amefundishwa kukielekeza. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443. Hesabuni wenyewe maungio.

Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, jukwaa la mafuta lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka likiwa na watu 212. Walikufa 123. Mguu mmoja uling'oka, na uchunguzi ukafuata nyufa hadi kwenye maungio madogo yaliyoshika kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Kishikizo! Hakikuhesabiwa kuwa sehemu inayobeba mzigo, kwa hiyo hakuna aliyeyatilia maanani maungio yake. Ndani ya ufa ilikutwa rangi. Maana yake ufa ulikuwepo tangu kiwandani, ukapakwa rangi pamoja na chuma, na jukwaa likapelekwa baharini.

Nirudi kwenye mahindi kidogo, kwa sababu kuna kipimo kinachopendwa na wanunuzi: taa ya urujuanimno. Unamulika punje zilizovunjwa, zinazong'aa kijani-manjano unazikataa. Kinachong'aa pale si sumukuvu. Ni zao la asidi ya koji, kitu kingine ambacho kuvu hii hutengeneza. Taa inakwambia kuvu ilipita hapa. Haikwambii kama iliacha sumu, wala kiasi gani. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na kiwango hicho hakipimwi kwa kumulika taa.

Na hata ukiwa na mashine ya bei mbaya, sumu haijasambaa sawasawa kwenye gunia. Punje moja inaweza kubeba sumu nyingi na jirani zake wote wako safi. Ukichota konzi moja juu ya gunia la kwanza, majibu yako ni ya hiyo konzi tu. Chota juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, changanya, saga pamoja, ndipo upime. Wakaguzi wa maungio nao, wakiambiwa wapige eksirei sehemu tu ya kazi, wanapaswa kuchagua wao yapi yapigwe. Fundi asiwachagulie.

Mezani hapa kuna visahani vitatu vya kuvu, vimefungwa, tafadhali msifungue, na vipande viwili vya bomba vilivyokatwa katikati. Anayetaka kuuliza aje na swali lake huku mbele.