Kidonge cha Moyo na Daftari la Mfamasia

KAKA: Mwangaluka wasikilizaji, wa Kirumba, Igoma, Sengerema mpaka Ukerewe kule. Leo sina mgeni, namhoji dada yangu huyu huyu maana ni mfamasia na kuna jambo limenikaa rohoni.

DADA: Sema kaka.

KAKA: Baba mkubwa wetu mmoja, mvuvi, moyo ulikuwa unadunda ovyo ovyo, akaandikiwa amiodaroni, akapata nafuu akarudi zake kisiwani, mwaka na zaidi anameza tu na hakuna aliyemwambia arudi kupima. Mara uso ukaanza kuwa wa kijivu, watu si unawajua, wakasema karogwa.

DADA: Jamani. Hiyo ni dawa na jua. Amiodaroni inafanya ngozi isivumilie jua na ukiitumia muda mrefu inaweza kuacha rangi ya kijivu au bluu, sasa mvuvi yuko kwenye mtumbwi tangu alfajiri, jua la juu lake, linalorudi kwenye maji nalo lake.

KAKA: Halafu anachoka, anasikia baridi saa 8 mchana!

DADA: Hapo mimi nawaza tezi ya shingoni. Kidonge cha miligramu 200 kina kama miligramu 75 za madini joto, na mtu mzima anahitaji miligramu 0.15 tu kwa siku. Tezi inaweza kulegea au ikachachamaa. Ndo maana damu ya tezi na ya ini inapimwa kila miezi 6, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kila mwaka, na akianza kikohozi kikavu au pumzi kukata asingoje tarehe, mapafu hayo.

KAKA: Sasa nani wa kumkumbusha?

DADA: Mimi! Daktari anamwona dakika chache, mimi namwona kila akija kuchukua dawa. Pale dirishani pawe na daftari, dawa gani, kapima lini, anapima tena lini, na namba ya simu, asipotokea napiga. Uingereza na Marekani wafamasia wanaendesha kliniki za wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, miaka mingi tu, wanasoma INR, yaani kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, wanarekebisha dozi, mwenye moyo wa hivi mara nyingi tunataka INR iwe kati ya 2 na 3. Ukimwongezea amiodaroni bila kupunguza wafarini, mara nyingi kwa asilimia 30 hadi 50, na bila kupima kila wiki, anaweza kuvuja damu.

KAKA: Duh. Na malaria zetu hizi za ziwani?

DADA: Hapo ndo naumia kabisa. Mtu homa ikimpanda anakimbilia duka la dawa ananunua mseto, ile ALu, na lumefantrini iliyomo inaweza kuvuruga umeme wa moyo ikikutana na amiodaroni au sotaloli, dawa nyingine ya mapigo ya moyo. Sisemi malaria isitibiwe, malaria inaua, nasema ataje dawa zake kabla hajauziwa, achaguliwe nyingine au apimwe ECG.

KAKA: Baba mkubwa anataka kuiacha kabisa.

DADA: Asiache mwenyewe kaka, moyo utarudi kule kule, na dawa yenyewe inakaa mwilini miezi. Mwambie Jumatatu avuke, aje na vidonge vyote kwenye mfuko, na vile vya mitishamba asivifiche.