Tundu la Makula: Na Lile Jicho Jingine, Daktari?

Shikamooni wazee wangu, na habari za asubuhi ndugu zangu mliowasindikiza.

Mgonjwa akiambiwa ana tundu kwenye makula, kwanza huuliza kama litazibika. Swali la pili mara nyingi hutoka kwa binti aliyekuja naye: "Na lile jicho jingine, daktari?" Leo nataka tukae kwenye swali hilo la binti, maana lina jibu zuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ule utando unaopokea mwanga nyuma kabisa ya jicho. Ndiyo tunayosomea, ndiyo inayotutambulisha uso wa mtu. Mbele yake jicho limejaa ute mzito, na ujanani ute huo umeshikana na retina kila mahali. Ukishavuka miaka hamsini, sitini, ute huanza kuwa majimaji, husinyaa na kujibandua, kama uji uliopoa unavyoachia kingo za sufuria. Kwa wengi huachia salama. Kwa wachache huachia pembeni lakini hung'ang'ania katikati, ukavuta hadi makula ikafunguka. Hilo ndilo tundu. Halitokani na kusoma sana wala kutazama simu, kwa hiyo mama zangu msijilaumu. Wanawake waliovuka miaka 60 ndio hulipata zaidi.

Jicho la pili lina umri uleule na ute wa mtu yuleyule. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 wenye tundu jicho moja, 5 hadi 15 hupata na la pili ndani ya miaka kama mitano. Mimi siridhiki namba hii ikitajwa peke yake, kwa sababu imewachanganya watu ambao hali zao hazifanani hata kidogo.

Kuna ambaye ute wa jicho lake la pili umeshaachia makula kabisa. Huyo hatari yake iko karibu na sifuri, kwa kuwa hakuna tena kinachovuta. Kuna ambaye ute bado umetulia mahali pake, huyo tunamfuatilia. Na kuna ambaye picha inaonyesha ute unavuta na makula imeanza kuinuka. Hapo hatari ni kubwa kweli, lakini hata hapo karibu nusu ya macho hujinasua yenyewe na makula ikarudi kulala vizuri.

Uko wapi kati ya hao? Kipimo cha OCT, yaani picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina, ndicho kinachosema. Unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama alama moja bila kupepesa, sekunde chache imekwisha, hakuna sindano. Nawaombeni sana: pigeni picha ya macho yote mawili. Inaniuma mgonjwa anapotoka mbali akiwa na picha ya jicho bovu tu, ilhali tunalopaswa kulilinda ni hili zima.

Ute unapoachia, unaweza kuona vidoa vinavyoelea au mimweko pembeni. Njoo uchunguzwe upesi, maana wakati mwingine ute huchana retina pembeni, na ukiona kivuli kama pazia usisubiri hata kesho. Ila tukishakagua tukakuta retina nzima na ute umeachia wote, kwa upande wa makula hizo ni habari njema.

Nyumbani, jipime jicho mojamoja. Macho mawili yakitazama pamoja, lililo zima hufidia lenye kasoro, na mtu anaweza kukaa miezi bila kujua. Vaa miwani yako ya kusomea, ziba jicho moja kwa kiganja, tazama fremu ya mlango au mistari ya daftari. Mstari ukipinda katikati, au herufi ya katikati ya neno ikipotea huku za pembeni zikionekana, hiyo ndiyo dalili. Hakuna dawa ya matone inayozuia tundu, na jicho zima hatulifanyii upasuaji wa tahadhari, kwa sababu upasuaji wenyewe una madhara yake, mtoto wa jicho akiwa wa kwanza.

Zamani mgonjwa aliambiwa tu azoee. Mwaka 1991 Kelly na Wendel, madaktari wa Marekani, walitoa matokeo ya upasuaji wa kuondoa ute na kuweka gesi: macho 52, matundu 30 yakaziba. Leo matundu madogo yanayowahiwa huziba zaidi ya mara 9 kati ya 10. Lililokaa mwaka mzima hutusumbua zaidi, na hata likiziba uoni haurudi vile. Gesi ikiwa bado jichoni, usipande ndege, na hata basi la kutoka Mombasa kupanda Nairobi muulize kwanza aliyekupasua, kwa kuwa gesi hutanuka mwinukoni na kupandisha presha ya jicho.

Ikitokea mstari umepinda, usiseme pale mapokezi kwamba macho yanasumbua tu, ukapangiwa foleni ya miwani ya mwezi ujao. Sema: "Nilikuwa na tundu la makula jicho la kulia, sasa la kushoto linapindisha mistari tangu juzi." Nesi akisikia hivyo anajua wewe ni wa kuonwa haraka.