Plagi za bei mbaya na nguvu ya injini: mhadhara kwa madereva na mafundi, Tabora

Mwangaluka! Wazee wangu, ndugu zangu madereva, na nyinyi vijana mnaojifunza kushika spana. Najua baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili gereji, kwamba plagi ya bei mbaya haiongezi nguvu ya injini, mpaka mnanimalizia sentensi. Nitalisema tena, kwa sababu juzi kijana wa teksi kanijia na plagi nne za iridiamu mkononi, zile zenye ncha ya metali ya iridiamu. Kazinunua kwa hela aliyokuwa ameiweka kwa ada ya mtoto. Kaambiwa gari litaongeza nguvu na kupunguza kunywa mafuta. Roho iliniuma.

Plagi kazi yake ni kuwasha. Basi. Ukiwasha jiko la mkaa kwa njiti ya kiberiti, au ukaliwasha kwa kiberiti cha gesi cha bei mbaya, maji ya ugali yatachemka kwa muda uleule, kwa kuwa kinachochemsha ni mkaa. Ndani ya silinda, mkaa wetu ni petroli na hewa. Lita moja ya petroli ina megajuli zaidi ya 30, yaani juli milioni 30 na ushee. Cheche moja ya plagi haifikii hata juli moja. Sasa nguvu itoke wapi hapo? Mchanganyiko ukishashika moto, umeshika.

Ngojeni niwaeleze ya bwana mmoja wa Ipuli, mwenye Toyota IST ya injini ya 1NZ. Alikuja ameshafunga iridiamu, anaapa kwamba gari limekuwa jepesi kama jipya. Sikubishana naye. Nikamwuliza, plagi ulizotoa ziko wapi? Kwa bahati zilikuwa bado kwenye buti, kazifunga kwenye gazeti. Nikazipanga mezani. Ncha ya katikati, ambayo ikiwa mpya ina kingo kali kama sarafu, ilikuwa imeliwa ikawa mviringo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Nikachukua fila, vile vijani vya chuma vya kupimia nafasi ndogo. Plagi za injini ile namba yake inaishia na 11, maana yake gapu, ile nafasi ambayo cheche inairuka, ni milimita 1.1. Fila ya 1.1 ikapita inacheza. Nikaunganisha majani mawili kupata 1.3, yakapita. Yaliposhika ilikuwa 1.5.

Hapo ndipo penye siri yote. Gapu ikipanuka, koili, inayotengeneza umeme wa cheche, inadaiwa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, cheche inashindwa kuvuka, injini inamisi, yaani inaruka bila kuwaka. Bwana yule alikuwa amepoteza nguvu kidogo kidogo kwa miaka, hakuona. Plagi mpya zikamrudishia kilichokuwa chake.

Hakukubali. "Mzee wangu, hizi ni iridiamu!" Tukapatana tupime. Mimi nafunga ama iridiamu zake, ama plagi mpya za nikeli zenye namba sahihi, yeye haangalii. Anaendesha barabara ileile ya Nzega, anajaza tenki pampu ileile, kisha ananiambia zipi zimo. Tulibadilisha mara nne. Akapatia mbili, akakosa mbili, na tofauti ya mafuta haikuwa ya kuandikwa daftarini. Akakaa kwenye benchi, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe nilichokuwa nasikia ni upya." Neno hilo nimelishika mpaka leo.

Kuna mtu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua swali lako: kama ni hivyo, mbona viwanda vikubwa vya Japani vinatengeneza iridiamu? Vina sababu nzuri. Nikeli inayeyuka kwenye nyuzi 1,455, iridiamu nyuzi 2,446. Kwa hiyo ncha ya iridiamu inaweza kuchongwa nyembamba, milimita 0.6 au hata 0.4, na isiliwe upesi. Plagi ya nikeli utaibadilisha baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000 hivi. Iridiamu za muda mrefu hufika 100,000. Unachonunua ni umri. Kama injini yako kuifikia plagi lazima ufungue manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa, nunua iridiamu, nakuunga mkono. Na kama gari limetoka kiwandani na iridiamu, rudishia iridiamu. Asije mtu akasema mimi nimemwambia ashushe.

Zile zenye ncha mbili, tatu, nne? Cheche hupita njia moja tu kwa wakati mmoja. Marekani kulikuwa na plagi za SplitFire, ncha yake imepasuliwa kama V, zikitangazwa kuongeza nguvu na kubana mafuta. Mwaka 1997 tume yao ya biashara, FTC, iliibana kampuni ile kwa amri isitangaze tena mambo hayo bila ushahidi. Hapa kwetu nani atamzuia muuzaji? Ni nyinyi mafundi, kwa kusema kweli mbele ya mteja.

Halafu watu wanasahau tuko wapi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Dereva anafika kutoka pwani, anaona gari zito, anauziwa plagi! Plagi haiongezi hewa. Na hewa hiyohiyo kidogo mnaizibia kwa vumbi. Wiki iliyopita nimegonga eya klina ya gari linalobeba tumbaku, vumbi jekundu likajaza kopo la rangi la lita moja. Mwenye gari alikuwa amekuja kuniulizia plagi.

Namba za joto, zinazoonesha plagi inapoteza joto lake upesi kiasi gani, nilitaka kuzieleza vizuri, ila naoneshwa saa. Shikeni hili tu: kwa plagi za kampuni ya NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch namba ikipanda ni ya moto zaidi. Usitoe 6 ya huku ukaweka 6 ya kule bila kuangalia jedwali. Ya baridi mno hujaa masizi, ya moto mno huwasha petroli kabla ya wakati na pistoni inatoboka. Za bandia tutazungumza siku nyingine.

Sasa vijana sogeeni mezani. Kuna plagi nane na fila moja. Msizisugue kwa msasa. Kila mmoja achukue moja, apime gapu, aangalie rangi ya ncha, aniambie injini iliyotoka ilikuwa na shida gani. Wewe mwenye kofia, anza na hiyo nyeusi.