Kabla Hujaikataa Kazi, Tupige Hesabu

Wazazi wangu, vijana, hamjambo. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka zamu ya usiku na hamjalala.

Maneno ninayoyasikia sana hapa Lexington, Marekani, ni haya: "Nikianza kazi, serikali itanikatia hela na Medicaid," yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Basi kijana asiyeona, au mama anayetembea kwa magongo, anaitiwa kazi ya saa chache kwa wiki na anaikataa papo hapo. Mimi kazi yangu ni ushauri wa mafao, na ushauri wenyewe ndio huu: hesabu kwanza, uamuzi baadaye, na uamuzi ni wako.

Ujue kwanza unapokea nini. SSI ni hela ya kila mwezi kutoka serikalini kwa mtu mwenye ulemavu, au mzee, mwenye kipato kidogo na akiba ndogo. SSDI ni hela ya ulemavu inayotokana na makato ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali kuu, uliyokatwa ulipokuwa kazini. Wengi wetu tuliokuja kama wakimbizi tuko kwenye SSI. Ukifanya kazi, SSI inashuka taratibu kama mteremko. SSDI inaweza kukatika ghafla kama ukingo wa korongo. Mtu akikushauri bila kukuuliza uko kwenye ipi, mshukuru, kisha usimfuate.

Sasa hesabu ya SSI. Tutumie viwango vya mwaka 2025, ambapo kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Tuseme kazini unalipwa dola 400 kila wiki mbili, yaani 800 kwa mwezi. Social Security hawazihesabu zote: wanatoa 20, wanatoa 65, zinabaki 715. Wanagawa kwa mbili: 357.50. Hicho ndicho wanachopunguza kwenye SSI, nawe unabaki na 609.50. Jumlisha na mshahara, unapata 1,409.50 kabla ya kodi. Ukikaa nyumbani ni 967. Na kama ulemavu unakulazimu kulipia kitu ili uweze kufanya kazi, dawa au usafiri maalumu kwa mfano, gharama hiyo huweza kutolewa pia kabla ya kugawa. Hizo 20 na 65, kwa taarifa yenu, hazijaongezwa tangu SSI ianze kulipwa mwaka 1974. Kwangu mimi ni aibu, ila ndiyo sheria tuliyo nayo.

Balaa huwa liko kwenye mwezi wa malipo matatu. Mei 2025 ilikuwa na Ijumaa tano. Aliyelipwa tarehe 2 alilipwa tena tarehe 16 na tarehe 30: dola 1,200. SSI yake haikupungua Mei. Ilipungua Julai, kwa sababu kwa kawaida wanaangalia kipato cha miezi miwili nyuma. Julai inaingia 409.50, mtu anashtuka, anasema "si niliwaambia?", anaacha kazi. Angevumilia, Agosti ingerudi 609.50.

Kinachowaumiza watu kweli ni kunyamaza. Mshahara wa mwezi huu uripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi ujao kupita, na namba ya kuripoti ni ile ya kabla ya makato, siyo ile iliyoingia benki. Usiporipoti, wanaendelea kukulipa, halafu siku moja inakuja barua ya kudai maelfu. Hati za mshahara ziwekeni kwenye bahasha moja, hata zikichakaa.

Medicaid je? Ipo sheria, 1619(b), inayokuachia Medicaid hata mshahara ukimaliza SSI yote, mradi bado una ulemavu, unaihitaji, na hujavuka kiwango cha jimbo. Ila akiba isizidi dola 2,000, kiwango kilichowekwa mwaka 1989. Hapa muwe waangalifu na michango: hela za msiba zikikaa kwenye akaunti yako, wao wanaziona ni zako.

Walio kwenye SSDI, kwa kifupi: mna miezi tisa ya majaribio, si lazima ifuatane, na hela yote inaendelea kuja. Mwaka 2025 mwezi ulihesabiwa kuwa wa majaribio mshahara ukizidi dola 1,160. Baada ya hapo, kwa miezi 36, mshahara wa mwezi ukivuka kiwango cha mwaka huo, hupati hela ya mwezi huo; ukishuka chini, unapata. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa 1,620, au 2,700 kwa asiyeona. Hapo ndipo ukingo ulipo, msiuendee bila kupiga hesabu. Hela ikikatika na ulemavu ukakushinda kazi ndani ya miaka mitano, unaweza kuomba irudishwe bila kuanza upya.

Kwa aliyeingia kama mkimbizi na hajawa raia, SSI ina ukomo wa miaka saba. Ulemavu ukikuzuia kujifunza Kiingereza au maswali ya uraia, daktari anaweza kujaza fomu N-648, ya kuomba usamehewe mtihani huo unapoomba uraia. Anza mapema.

Ofisi ya Social Security inatoa mkalimani bure. Msimpeleke mtoto wa darasa la sita kutafsiri mambo haya. Mkifika huko, ombeni karatasi inayoitwa BPQY, inaonyesha mafao yako yote na miezi uliyokwisha kutumia. Bila hiyo hata mimi nakisia.

Haya, maswali. Mwenye barua asiisome hapa mbele ya watu. Anifuate pale mezani.