"Mwalimu, atapona?"

Nianze na swali lenyewe, maana nisipoanza nalo mtanifuata nalo hadi mlangoni. Tangu nianze kufundisha watoto wenye usonji, yaani autism, hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, sijamaliza mwezi bila kuulizwa: "Mwalimu, atapona?" Nami kila mara huuliza: apone nini? Hapo watu hununa. Wanadhani nakwepa.

Baba mmoja alinijibu, "Aongee." Mama mmoja, macho mekundu, akasema, "Alale usiku, nami nilale." Bibi wa mtoto mwingine: "Awe kama wenzake." Haya, maombi matatu, neno moja. Halafu tunashangaa watu wazima wakigombana!

Sasa sekretini. Mlionisikia kabla mnivumilie, nitaisimulia hadi nistaafu. Sekretini ni homoni ya utumbo. Huiamsha kongosho itoe maji yake. Madaktari walikuwa wakimdunga mtu ili waone kama kongosho inafanya kazi. Kipimo tu, wala haikuwa dawa ya usonji. Mwaka 1998 ikachapishwa ripoti ya watoto 3 wenye usonji waliopimwa hivyo, na baada ya wiki chache wakawa wanatazamana na watu na kusema maneno zaidi. Watoto watatu, jamani! Runinga za Marekani zikaidaka, wazazi wakaisaka sekretini kila pembe, watoto wakadungwa kabla ya mtu yeyote kuijaribu ipasavyo.

Majaribio yalikuja 1999. Watoto 60, wengine wakadungwa sekretini, wengine maji ya chumvi, na si mzazi wala mpimaji aliyejua nani kapata kipi. Waliopata sekretini walionekana kusonga mbele kidogo. Waliopata maji ya chumvi nao walionekana kusonga mbele kidogo. Basi. Yamefanyika majaribio zaidi ya kumi tangu hapo, jibu ni lilelile.

Lakini linalonikosesha usingizi si hilo. Wazazi wale walielezwa matokeo, kisha wakaulizwa kama bado wanavutiwa na sekretini kwa watoto wao. Asilimia 69 wakasema ndiyo.

Msicheke. Nami ningesema ndiyo. Mtoto mwenye usonji naye hukua, jambo ambalo wauza dawa hawapendi ulikumbuke. Leo hasemi, mwezi ujao anashika kikombe na kusema "maji". Ukiwa ulimpa sindano wiki ile, sifa zote zitaiendea sindano. Ukiwa ulimpa mafuta ya kuchua, mafuta yatatajirisha mtu. Na si fedha tu zinazopotea: mwaka 2005, huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 alifariki akitiwa dawa ya kuondoa metali mwilini, ati ni tiba ya usonji.

Naona mtu anatikisa kichwa. Unataka kuniambia wapo waliopona. Wapo ambao walithibitishwa kuwa na usonji wakiwa wadogo, na baadaye hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wana usonji. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Deborah Fein na wenzake waliandika juu ya watu 34 wa namna hiyo. Sibishi. Ninachobisha ni mtu kukunyooshea kidole mtoto wako na kusema "huyu atakuwa mmoja wao, leta fedha." Hakuna anayejua ni yupi. Na lile jaribio la 1987 la mwanasaikolojia Lovaas, la kuwafundisha watoto tabia kwa saa nyingi, ambalo lilidai watoto 9 kati ya 19 walifikia hali ya kawaida, wanaolitaja hawasemi kwamba watoto hawakugawanywa kwa kura, wala kwamba kuchapwa paja kulikuwa sehemu ya mafunzo.

Kuna na upande wa wenye usonji wenyewe. Jim Sinclair, aliye na usonji, aliwaambia wazazi mwaka 1993 kwamba usonji si ganda lililomficha mtoto wa kawaida ndani yake. Ukiomba usonji uondoke, anayesikia maombi hayo husikia kwamba unamtaka mtu mwingine. Mzazi wa mtoto anayejing'ata hadi damu atasema hayo ni maneno ya wanaoweza kusema. Ana haki ya kusema hivyo. Ila namwomba aje na swali dogo zaidi.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyejipiga shavu la kushoto. Kushoto tu. Tukaandika "tabia". Miezi miwili tunaandika tabia! Mpishi wetu ndiye aliyegundua kwamba anatafunia upande mmoja. Gego lilikuwa limeoza. Likang'olewa, ngumi zikakoma, usonji ukabaki palepale. Kiswahili kimetupa kutibu na kuponya, nasi tunayachanganya kila siku. Kifafa kinatibiwa. Kukosa usingizi kunatibiwa. Choo kigumu, wasiwasi, jino, vyote vinatibiwa, na mtoto asiyesema hawezi kukuambia kinachouma.

Nilitaka nifike kwenye vyakula na kazi za watu wazima wenye usonji, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Chanjo? Ripoti ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji, ya watoto 12 tu, jarida lenyewe likaifuta 2010. Tulishaizika, msinifukulie.

Haya, mkono ule kule nyuma. Sema, baba. Ila kwanza niambie: apone nini?