Wasiwasi wa Watoto Umepungua: Tunajuaje?

Ndugu zangu, chukulia watoto 25 wamejaza dodoso la SCARED, lile la kupima wasiwasi wa watoto lenye maswali 41, kila jibu likipewa alama 0 hadi 2. Wamejaza kabla ya ushauri nasaha, wakajaza tena baadaye. Tuseme alama zimeshuka kwa wastani wa 4, na mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni 10. Nadharia tete tunayoijaribu inasema hakuna badiliko, hizo 4 ni bahati tu.

Gawanya 10 kwa kipeuo cha pili cha 25, unapata 2, ndiyo yumbayumba ya kawaida ya wastani wenyewe. Gawanya 4 kwa 2: jibu, liitwalo t, ni 2. Kwa kiwango cha 0.05, yaani tukikubali hatari ya asilimia 5 ya kuikataa nadharia tete iliyo ya kweli, jedwali la t linataka angalau 2.064. Hatujafika. Je, tuwaambie wazazi kwamba ushauri haukusaidia? Hasha! Ushahidi haukutosha kuikataa nadharia tete. Hakuna aliyethibitisha kuwa ni ya kweli.

Sasa chukua watoto 100, alama zimeshuka kwa 2 tu, mkengeuko uleule. t ni 2 tena, lakini safari hii mpaka ni takriban 1.984, nasi tumeuvuka. Nafuu iliyo nusu ya ile ya kwanza ndiyo itakayotangazwa! Ndiyo maana siridhiki na ripoti inayotaja peke yake thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama hakuna badiliko. Nionyesheni nafuu yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mtoto huletwa kwa mshauri hali ikiwa mbaya kabisa. Mwanatakwimu Mwingereza Francis Galton alionyesha mwaka 1886 kwamba watoto wa wazazi warefu mno huelekea kuwa karibu zaidi na wastani. Alama za wasiwasi nazo ni vivyo hivyo: zilizo juu sana leo, zikipimwa tena, nyingi hushuka hata kama hakuna aliyefanya lolote. Bila kundi la kulinganisha, t hata ikiwa 5 haikuambii kilichomsaidia mtoto.

Tena wastani huficha watu. Wapo watoto ambao wasiwasi wao umepanda. Watafiti wa saikolojia Jacobson na Truax, mwaka 1991, walipendekeza tofauti ya kila mtu igawanywe kwa kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho alama huyumba kwa sababu tu kipimo si kamili; jibu likizidi 1.96, juu au chini, si rahisi kuwa ni yumbayumba ya kipimo. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila mtoto, na aliyezidiwa aonwe kwanza, ripoti isubiri.